Marcelo Mwandu Ngeleja, 1959–2025: Fidla na Sauti ya Tatu

Tunayemzika leo hapa Sapiwi alizaliwa hapa hapa, tarehe 14 Machi 1959, akiwa mtoto wa pili wa Mwandu Ngeleja, mkulima wa pamba na mfugaji, na mkewe Kabula. Alibatizwa akiwa na miaka sita, siku moja na mama yake.

Alisoma shule ya msingi kijijini kuanzia 1967 hadi 1973, kisha akaingia seminari ndogo. Huko padre mmoja mmisionari alikuwa akipiga fidla peke yake chumbani jioni. Alimwona Marcelo amesimama nje ya dirisha akisikiliza, akamwita ndani. Marcelo hakuwa padre, ila alitoka seminari akiijua fidla kuliko Kilatini. Sauti yake ilipokomaa ikawa ya tatu, tenori, nyembamba kidogo kwa juu lakini isiyokatika. Mwaka 1982 alipata nafasi ya kusomea muziki Leipzig, Ujerumani, akahitimu mwaka 1988.

Kuanzia 1989 hadi 2011 aliajiriwa katika ukumbi wa opera, yaani maigizo ya kuimbwa, wa mji mdogo kusini mwa Leipzig. Alipiga fidla ya pili, ile inayosindikiza ya kwanza, akiketi kiti cha nyuma kabisa, chini ya jukwaa ambako okestra hukaa. Mwaka 1996 watenori wawili wa kwaya ya jukwaani waliugua kwa pamoja, naye akaombwa apande kuimba. Tangu hapo alifanya kazi zote mbili kwa zamu. Aliwahi kumwambia dada yake, Kwandu, kwamba akiwa jukwaani alizisikia fidla za pili zikipigwa bila yeye, na hazikupungukiwa kitu. Kwandu alimjibu kwamba ng'ombe wa baba yao nao wanakunywa maji vizuri tu bila yeye, kwa hiyo kama hakuna mahali anakosubiriwa, basi arudi nyumbani.

Alifunga ndoa na Benedikta Ndaki, muuguzi, katika parokia ya Bariadi tarehe 7 Agosti 1993, akiwa likizo. Benedikta alimfuata Ujerumani mwaka uliofuata, akakaa miezi saba, akarudi kazini kwake. Mtoto wao pekee, Nyamizi, alizaliwa mwaka 1995. Kwa miaka mingi hiyo ilikuwa ndoa ya likizo na simu. Marcelo alipostaafu na kujenga Somanda, mjini Bariadi, Benedikta hakuficha kwamba ilimchukua muda kuzoea fidla asubuhi. Alikuwa amezoea redio, na redio mtu anaweza kuizima.

Jumamosi tarehe 21 Julai 2012, pamba ikiwa imeshauzwa, Marcelo alifanya onyesho lake la kwanza nyumbani, katika uwanja wa shule mjini Bariadi. Alivaa koti jeusi. Alipiga fidla peke yake, akaiweka kitini, akaimba. Watu walikuwa wengi na walitulia. Alipoinama kushukuru, hakuna aliyepiga makofi wala kuondoka. Wote walikuwa wakitazama upande wa pili wa uwanja, ambao ulikuwa mtupu.

Kila Msukuma aliyepo hapa anaelewa kwa nini. Katika mashindano yetu ya ngoma, waimbaji wawili na makundi yao huimba kwa wakati mmoja, kila mmoja upande wake, na watu huhamia kwa anayewavutia. Mwimbaji asiye na mpinzani bado hajaanza. Mama yake mdogo, Bibi Nyanjige, ndiye aliyekwenda mbele kumuuliza.

“Mwanangu, mwenzako yuko wapi?”

Marcelo alisema yuko peke yake.

“Sasa umemshinda nani?”

Alikuwa akikisimulia kisa hicho kwa kucheka, na aliwachekesha wageni wengi sebuleni kwake. Lakini tangu siku hiyo alitaka jambo moja: mtu mmoja wa Bariadi wa kusimama naye, apige anapopiga au aimbe anapoimba. Alileta fidla nne kutoka Ujerumani na kufundisha bure parokiani. Wanafunzi walikuja, wakajua kidogo, wakaondoka. Mmoja alikwenda kuuza dagaa Lamadi, wengine walihamia Mwanza na Dar es Salaam.

Aliyefika mbali zaidi ni Shida Masele, aliyeweza kupiga fidla ya pili ya kipande kizima. Mwaka 2019 Shida alijiunga na bendi ya harusi kama mpiga kinanda. Alimweleza mwalimu wake kwa heshima kwamba kinanda nacho kina sauti ya fidla, unabonyeza tu.

“Najua,” alisema Marcelo. “Ila ndani yake hamna mtu.”

Alijiunga pia na kwaya ya parokia. Mwalimu wa kwaya, Athanasi, alimwomba apunguze sauti kwa sababu watenori wengine walikuwa hawasikiki. Alipunguza. Baada ya mwaka mmoja waumini waliokaa mbele hawakuweza kumtofautisha na wengine, na Athanasi alimshukuru.

Tarehe 3 Oktoba 2023 alipata kiharusi kilichoua vidole vya mkono wa kushoto, ambao ndio hubonyeza nyuzi. Sauti ilibaki. Mapema mwaka huu Shida alikuja Somanda na fidla yake, wakakubaliana apige na mwalimu aimbe. Walianza, wakakwama katikati. Shida alisema vidole vimesahau.

“Vyangu vimekufa,” mwalimu alimwambia. “Vyako vimesahau tu. Rudi Jumapili.”

Jumapili hiyo Shida alikuwa na harusi Maswa. Zilizofuata alikuwa na nyingine. Kiharusi cha pili kilimpata Marcelo tarehe 6 Juni 2025, na alifariki hospitalini Somanda asubuhi ya Jumatatu, tarehe 9 Juni, Benedikta akiwa kando yake.

Ratiba ya leo ilikuwa na nafasi ya fidla baada ya sala ya kaburini. Familia ilitafuta mpigaji Bariadi na Mwanza, ikamkosa. Shida aliombwa. Alisema, na ameruhusu tuyasome maneno yake, kwamba hawezi kupiga mbele ya jeneza kitu alichoshindwa kumpigia mwalimu akiwa hai. Benedikta alimwambia amefanya vizuri kusema kweli, kisha akaomba nafasi hiyo isipewe kwaya wala mtu mwingine. Ikifika, tutasimama kimya mpaka yeye mwenyewe atakapoketi.

Marehemu ameacha mjane, Benedikta Ndaki, binti, Nyamizi, na mkwewe Joakim, wajukuu wawili, dada yake, Kwandu, na mama yake mdogo, Bibi Nyanjige.

Mungu amlaze kwa amani, mahali penye wenzake.