Mzee Swaibu Bado Hajamaliza Kusoma

Tarehe 30 Juni 1998, baada ya kipimo cha saa tisa alasiri, Mzee Swaibu Okwaro atafunga daftari lake na kustaafu, akiwa ameitumikia Idara ya Vipimo vya Mito, Kakamega, kwa miaka thelathini na mmoja kamili. Katika muda huo idara imebadilisha jina mara nne, nembo mara tatu na wakuu mara kumi na moja. Yeye hakubadilishiwa chochote ila buti za mpira, nazo mara mbili tu, tena baada ya maombi ya maandishi.

Kwa wenzetu ambao hawajawahi kutoka nje ya jengo hili, inafaa kueleza kazi yenyewe. Katika mto Nzoia, kwenye daraja la Mukhonje upande wa Matungu, umesimikwa ubao uliochorwa mita na sentimita. Kila siku, saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri, mtu hushuka ukingoni, hutazama maji yamefika wapi, kisha huandika. Basi. Jopo la kupunguza wafanyakazi lilikata shauri mwezi Machi kwamba kazi nyepesi namna hiyo haihitaji mtu. Ndiyo maana barua ya kumstaafisha Mzee, katika aya yake ya pili, inasema kwamba nafasi yake haitajazwa. Kuanzia Julai mosi mto utaendelea kupita Mukhonje kama kawaida, ila idara haitakuwa na habari.

Mzee Swaibu aliajiriwa Julai 1967, akiwa kijana wa miaka ishirini na minne, kwa cheo cha Msomaji wa Mto. Cheo hicho kilimletea utani usiokwisha. Mama Zeituni, ambaye huuza chai na mandazi hapo darajani, alikuwa akimwona akishuka na daftari kila asubuhi, akadhani ni mwanafunzi wa elimu ya watu wazima. Alipoona miaka inapita bila mtihani, alianza kumwuliza kwa sauti ya kusikika soko zima, "Mwalimu, hata leo hujamaliza kusoma?" Naye Mzee humjibu bila kugeuka, "Nimebakiza kesho tu."

Mwaka 1971 alifunga ndoa na Bi Aminah, na shehe akapanga nikaha iwe saa tatu asubuhi. Bwana harusi aliingia saa tatu na nusu, kanzu ikiwa imelowa hadi magotini, akaomba radhi na kutangaza kuwa maji yalikuwa mita moja na sentimita themanini. Hadi leo Bi Aminah husema kwamba aliolewa mke wa pili, na kwamba mwenzake halali wala hapiki.

Tuje sasa kwenye jambo ambalo jarida hili halikuliandika lilipotokea. Ubao wetu unaishia mita nne, kwa sababu fomu yetu nayo inaishia mita nne. Mzee aligundua kasoro hiyo mwaka wake wa pili kazini. Akaandika barua, ikapokelewa, ikagongwa muhuri, ikahifadhiwa. Hapo akaazima mpira mwembamba wa maji ambao mafundi ujenzi hutumia kusawazisha kuta, akahamisha vipimo kutoka kichwa cha ubao hadi kwenye mkuyu ulio juu ya ukingo, na kwa panga akauchanja mti huo alama kila sentimita kumi, mpaka mita sita. Idara haikujua kuwa inao mkuyu.

Asubuhi ya Jumanne, tarehe 18 Novemba 1997, mvua ya Elnino ikiwa katika wiki yake ya tano, Mzee alipiga simu kutoka ofisi ya ushirika wa miwa, akaripoti mita nne na sentimita arobaini. Simu ilipokewa na mtaalamu kijana mwenye shahada ya elimu ya maji, aliyekuwa na miezi minne kazini na vitabu viwili vinene mezani. Mtaalamu alimfahamisha, kwa upole wa mtu aliyesoma, kwamba kwa hesabu zote zinazojulikana mto huo, mahali hapo, hauwezi kupita mita nne, na kwamba hata ungeweza, fomu haina nafasi. Akamwelekeza aandike nne kamili.

Kisha Mzee akasema, "Kijana wangu, wewe ulisoma ukamaliza. Mimi huu mto nasomanga kila siku."

Hata hivyo utaratibu ulifuatwa. Mkuu wetu, Bwana Wanyonyi, aliitisha Kamati Ndogo ya Tahadhari, ambayo ilikaa kwa muda wa saa tatu. Kumbukumbu za kikao, zilizopigwa chapa na Bi Jescah kwa umahiri wake wa kawaida, zinaonyesha kuwa saa mbili zilitumika kuamua iwapo Elnino iandikwe kama neno moja au mawili, na kwamba azimio la mwisho lilikuwa kumtaka Msomaji wa Mto arudie kusoma.

Alirudia. Ilikuwa nne na sitini. Lakini kilichomshtua hakikuwa alama za mkuyu. Katikati ya mto yalikuwa yakipita mafungu mazima ya mahindi, yale ambayo wakulima wa Likuyani, mbali huko mto unakotoka, huyafunga na kuyasimamisha shambani yakauke. Aliyatazama hadi fungu la saba. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aajiriwe: aliliacha daftari kwa Mama Zeituni, akashuka Mukhonje Chini, kijiji kilicho bondeni kando ya mto, akapita nyumba hata nyumba akisema, "Shamba la Likuyani limetembea mpaka hapa. Maji yanayolisukuma yako nyuma. Hameni leo."

Watu wa Mukhonje Chini hawahamishiki kwa urahisi. Chifu alikwisha kuwahamisha kwa mdomo mara tatu mwezi huo, na mara zote tatu jua likawaka. Aliyewaamulia ni Protus, mkulima anayesifika kwa kubishana na kila mwenye kofia ya serikali. Alisimama mlangoni, akamtazama Mzee, akawaambia majirani, "Huyu miaka yote hajawahi kutuambia kitu. Leo akisema hama, mimi nauliza tu kama nibebe na kitanda."

Walibeba na vitanda. Kufikia magharibi kaya sitini na nne zilikuwa juu, kwenye uwanja wa shule. Jumatano saa nne asubuhi mto uliingia Mukhonje Chini ukiwa mita tano na sentimita thelathini, ukachukua kuta, vyoo na ingokho, yaani kuku, zote zilizogoma kukamatwa. Haukuchukua mtu hata mmoja.

Barua ya tahadhari ya Kamati Ndogo, yenye Elnino kama maneno mawili, iliwafikia wakazi wa Mukhonje Chini siku kumi na mbili baadaye, wakati ambapo palikuwa hapana Mukhonje Chini. Taarifa yetu ya mwaka inasema kuwa idara ilitoa onyo mapema. Fomu ya siku ile inasema mita nne kamili. Mwezi Februari makao makuu yalituletea ubao mpya, imara, wa chuma. Unaishia mita nne.

Mtaalamu aliyepokea simu ile ndiye mwandishi wa wasifu huu. Mwezi Januari nilikwenda Mukhonje na chombo cha kupimia usawa ili nithibitishe makosa ya mkuyu. Nilipima siku mbili. Tofauti kati yetu ilikuwa sentimita moja, na nimeshindwa kupata hoja ya kuonyesha kuwa haikuwa yangu. Tangu hapo nimeandika barua tatu kupinga aya ya pili ya ile barua ya kumstaafisha Mzee. Zimepokelewa, zimegongwa muhuri, zimehifadhiwa.

Katika sherehe ya kuagana Mzee atatunukiwa saa ya ukutani, zawadi ya busara kwa mtu ambaye Mukhonje nzima imekuwa ikijua saa tatu kwa kumwona yeye akipita. Naye ametuachia madaftari arobaini na saba na panga moja.

Kuhusu nafasi yake, Bwana Wanyonyi hatimaye amekubali nihamie Mukhonje kuanzia Julai mosi, kwa sharti kwamba jambo hilo lisiandikwe popote. Ndiyo sababu naliandika hapa, katika jarida ambalo hakuna mkuu aliyewahi kulifungua.

Mzee Swaibu, asante kwa mkuyu, kwa kaya sitini na nne, na kwa ile simu. Tunakuombea afya, usingizi unaopita saa tatu asubuhi, na Bi Aminah asiye tena na mwenzake. Mama Zeituni amekwisha kuniuliza nitasoma mto huo mpaka lini. Nimemjibu kwamba nimebakiza kesho tu.