Risala ya Kuurudisha Ushindi wa Sarafu

Mgeni rasmi, Bwana Garrett Hollingshead, Mkurugenzi wa Mashindano ya Besiboli ya Shule za Sekondari katika jimbo letu, Mkuu wa Shule, Kocha Lyle Brungardt, wazazi, vijana, na ninyi mliofuata harufu ya chakula tu, maana nanyi ni watu: hamjambo nyote.

UKARIBISHO

Sisi akina bibi wa Benchi la Nyuma ya Wavu tunakukaribisha Dunmore Wells. Pole na safari. Barabara ya kuja huku tunaijua. Ukiona mtu ameifuata mpaka mwisho, ujue ameitwa au amepotea. Wewe tulikuita, na umekuja, asante.

Umekuja kutukabidhi ngao ya ubingwa wa wilaya. Tunaiona hapo mezani inavyong'aa. Tunakuomba kwa heshima usiiguse kwanza.

Mbele yako kuna tamale, ule unga wa mahindi uliopikwa ndani ya ganda lake, na kuna mikate ya nyama na kabichi ya akina mama wa ukoo wa Brungardt. Kula unachopenda. Ila ganda la muhindi kwenye tamale hutolewa. Mkurugenzi aliyekutangulia alilila lote, akasifu mapishi, na sisi tukanyamaza kwa sababu ya cheo chake. Hatutaki kurudia kosa la kunyamaza.

HISTORIA YETU

Benchi hili lilianzishwa na mama zetu. Walikuwa wakitoka kupalilia viazi-sukari, wanakaa hapa kwa kuwa alasiri kivuli cha ghala la nafaka huangukia hapa hapa. Wengi wetu shule tuliiacha tukiwa wadogo, mavuno yalipohama nasi tukahama. Lakini besiboli tumeisoma kwa macho. Tunajua mrushaji akichoka kabla kocha wake hajajua. Tunajua mwamuzi akikosea, na yeye anajua kwamba tunajua, kwa kuwa tuko nyuma yake tu na wavu hauzuii sauti.

Kitabu cha kanuni zamani kilikuwa chembamba kama chapati ya tortila. Siku hizi ni mkate mzima, na kila mwaka ofisi yako inaongeza hamira. Hatulaumu. Kanuni nyingine ni njema sana. Ile inayohesabu mirusho ya kijana na kumlazimisha kupumzika, tunaipigia makofi kwa mikono miwili. Mwenzetu Bibi Ofelia Zamarripa, yule pale mwenye kofia ya manjano, ana mtoto wa kiume aliyerusha mipira hapa enzi za kocha aliyeamini kwamba mkono wa mtoto ni mali ya shule. Leo mtu mzima yule anachana nywele kwa mkono wa kushoto. Kwa hiyo tunaposema kanuni, mgeni rasmi, hatusemi kwa dharau. Tungeipata mapema, tungeipokea kwa vigelegele.

MAFANIKIO

Mwaka huu tulipata timu. Ni vijana tisa tu, maana shule yetu ni ndogo na mmoja alivunjika mguu kwa kucheza na mbuzi, lakini walifika mchezo wa mwisho wa wilaya, dhidi ya Kessler, hapa hapa uwanjani.

Mchezo una zamu saba. Tulifika ya saba tukiwa sare. Kessler, waliopangiwa kupiga mwisho, walikuwa wanapiga, wawili wao wameshatolewa, na mmoja yuko kituo cha tatu, hatua chache tu afike nyumbani awape ushindi. Mrushaji wetu alikuwa Efrén, mjukuu wa Bibi Ofelia. Mpigaji wao alikuwa Colton Weitzel, kijana mwenye mabega kama mlango wa ghalani. Amtoe yule awe wa tatu, sare ibaki na zamu ya nyongeza iwe yetu. Hata wale ambao huja kutafuna mbegu za alizeti waliacha kutafuna.

Hapo mbingu zikafunguka.

Kanuni inasema mchezo uliokatizwa na mvua utaendelea siku nyingine pale pale ulipoishia, kila mtu asimame mahali alipokuwa. Kanuni nzuri. Tukangoja. Mvua ikawa theluji, ndiyo hali yetu ya Aprili. Theluji ikayeyuka, uwanja ukawa uji. Uwanja ukakauka, waamuzi wakawa wilaya nyingine. Waamuzi wakapatikana, ofisi yako ikawa imefungwa, wote mmekwenda kwenye kongamano la uungwana michezoni. Mliporudi, mkiwa waungwana zaidi, tarehe ya mwisho ya wilaya ilikuwa imepita. Na tarehe ikipita, kitabu kinasema, bingwa atapatikana kwa kurusha sarafu.

Hivyo tukawa mabingwa. Hayo ndiyo mafanikio.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, changamoto yetu ni hayo mafanikio.

Kitabu kinataka sarafu irushwe mahali pasipo pa timu yoyote. Huku pako mahali pamoja tu pa namna hiyo, kituo cha mafuta cha njia panda, katikati ya miji yetu miwili. Kocha wetu akaenda, na Kocha Duane Ostrander wa Kessler akaenda. Shahidi alikuwa Yesenia, binti anayeuza pale dukani.

"Nachagua kichwa," kocha wetu akasema.

"Basi mimi upande wa tai," akajibu Ostrander. "Na urushe polepole, Lyle. Usirushe kama unavyowafundisha wanao, tutaifuata mji wa jirani."

Sarafu ikapanda, ikagonga ukingo wa kaunta, ikaviringika na kuingia chini ya friji la aiskrimu.

"Yesenia, mama, hebu lala utuangalizie."

"Nilale na sare mpya? Laleni nyie mnaotaka ubingwa!"

"Kitabu kinakataza kocha kuikaribia sarafu."

"Kitabu hicho kinafua nguo?"

Akalala hata hivyo, binti wa watu, akawasha tochi ya simu. "Naona kichwa," akasema. "Au kifuniko cha soda. Ngoja... hapana, ni kichwa. Kina pua."

Kisha akaitoa kwa ufagio. Ikatoka tai ikiwa juu.

Wakapiga simu ofisini kwako. Akapokea kijana mmoja mwenye sauti safi sana.

"Kilichoonekana kwanza, sarafu ikiwa imetulia, ndicho matokeo," akasema.

"Lakini shahidi ni mtu wa kwao," Ostrander akalalamika.

"Ndugu yake kocha?"

"Mke wa mpwa wake."

Kurasa zikafunuliwa. "Kanuni inamkataza mke. Inamkataza mpwa. Mke wa mpwa haikumtaja."

"Haya basi," akasema Ostrander, kwa kukata tamaa. Baadaye Kessler walipokata rufaa, walijibiwa kwamba "haya basi" ya kocha wao ilikuwa ni kukubali.

Hatumlaumu Yesenia. Aliona alichoona. Na kutafuta shahidi asiye ndugu wa mtu katika nyanda hizi, itabidi umwagize kutoka jimbo jingine. Tunachosema ni kwamba kitabu kimehesabu mirusho ya kila kijana aliyeshika mpira, kikampangia na mapumziko, lakini mchezaji aliyeamua ubingwa wa wilaya hii hakufanya mazoezi, hakupimwa na daktari, wala hakuulizwa alama zake za darasani.

Tangu siku ile vijana wetu hawana raha. Wakienda Kessler kununua viatu wanaitwa Timu ya Chini ya Friji. Juzi mtoto mmoja dukani alimwekea Efrén aiskrimu mkononi. "Chukua, bingwa," akamwambia. "Umpelekee mchezaji wenu bora, mwambie jezi yake iko tayari."

Efrén alirudi nyumbani, akakaa jikoni kwa bibi yake na kofia kichwani, jambo ambalo katika nyumba ile halijawahi kuruhusiwa.

"Kofia," Bibi Ofelia akamwambia.

Akaivua. "Bibi, nilibakiza mtu mmoja."

"Najua. Nilikuwepo."

"Labda ningemtoa. Labda angeupiga mpira wangu ukapotelea kwenye viazi. Sijui. Ndio mwaka wangu wa mwisho, Bibi. Ndiyo nitazeeka nisijue?"

"Utajua mengine mengi, mwanangu."

"Si hili. Basi la Ijumaa sipandi."

Mgeni rasmi, wewe ndiye mwenye kitabu, unajua maana yake. Raundi ya jimbo ni Ijumaa. Tuko tisa kamili, na timu pungufu ya tisa hairuhusiwi kuanza. Isipofika, shule inafungiwa misimu miwili, pamoja na wale wadogo ambao hawajakosa chochote. Kocha amembembeleza. Kasisi amembembeleza. Bibi Ofelia peke yake hajambembeleza, na tulipomuuliza kwa nini, alisema, "Kwa sababu mtoto ana haki."

Basi tukapiga simu ofisini kwako sisi wenyewe. Akapokea yule yule mwenye sauti safi.

"Mnataka kulalamika?"

"Ndiyo, baba."

"Mlishindwa mchezo gani?"

"Hatukushindwa. Tulishinda."

"Sasa bibi, mnalalamikia nini?"

"Kushinda."

Akatuweka kwenye muziki wa kungojea. Muziki ulikuwa mzuri, hatukuukata. Aliporudi akatueleza kwa upole kwamba fomu ya malalamiko ni ya aliyeshindwa. Ya aliyeshinda haijachapishwa, kwa kuwa tangu ofisi ianze hakuna aliyewahi kuihitaji.

MAOMBI

Maombi yetu si mengi. Choo cha wageni kimeziba tangu mwaka juzi, lakini hilo leo tunaliacha.

Kwanza, tunaomba ngao hii uiache pale pale mezani ilipo, isiwe ya mtu kwa sasa.

La pili ndilo lenyewe. Mwamuzi wetu, Bwana Tolliver, ametueleza kwamba kitabu kina kifungu cha mwisho, kinachosema jambo lolote ambalo kanuni hazikulitaja litaamuliwa na Mkurugenzi mwenyewe, akiwa uwanjani. Tumetafuta kila ukurasa, tukipokezana miwani. Mvua imetajwa. Radi imetajwa. Mbwa kuingia uwanjani ametajwa, hata nyuki. Friji halikutajwa.

Ndiyo maana, mgeni rasmi, sherehe hii hatukuifanyia ukumbini kwenye viyoyozi. Utuwie radhi kwa jua. Kiti chako kiko juu ya nyasi za uwanja. Miguu yako yote miwili imo ndani ya mstari. Tulikiweka kikitazama shule ili ule kwanza kwa utulivu.

Sasa tunakuomba ugeuke.

Wale wenye jezi za kijani ni Kessler. Walikuja asubuhi, wakaliegesha basi lao nyuma ya ghala la nafaka, na Kocha Ostrander amekula mikate yetu mingi kuliko wewe. Kila mmoja amesimama mahali alipokuwa mvua ilipotukuta. Yule aliyetia mguu kwenye kituo cha tatu ndiye aliyekuwa pale. Mwenye mabega, anayekung'uta viatu kwa gongo la kupigia mpira, ni Colton Weitzel. Na yule kwenye kilima katikati, aliyeshika mpira na hatazami huku, ni Efrén. Mkono wake umepumzika kuliko kitabu kinavyodai.

Tunajua Weitzel anaweza kuupiga mpira wa Efrén. Bibi Ofelia anajua zaidi yetu. Amemwona akiipiga mipira yake tangu wakiwa hawajaota meno ya mbele. Ikiwa hivyo, ngao itapanda basi la kijani, nasi tutaifungashia tamale, na Efrén atakuwa amejua. Vijana wote wamekubaliana hivyo, wa huku na wa kule, wakashikana mikono bila kongamano.

Lakini hakuna atakayerusha mpira bila neno lako. Wakicheza bila idhini, shule zote mbili zitafungiwa, na hilo, bahati mbaya, kitabu kimelitaja. Bwana Tolliver ameshavaa kinyago chake. Anakutazama wewe.

Si lazima utoe hotuba, mgeni rasmi. Neno lenyewe ni moja, hata mbwa wa hapa analijua: "Chezeni."

Mungu akulinde wewe na jamaa yako, aviponye viwiko vya watoto wa watu, azuie mawingu kwa muda huu mdogo tunaouomba, na ampe kila kijana aliyesimama pale kitu anachostahili, hata kama si kile anachokitaka.

Ni sisi wako,
Akina Bibi wa Benchi la Nyuma ya Wavu, Dunmore Wells,
pamoja na akina bibi wa Kessler, ambao leo tumekaa nao benchi moja, na tukabanana.