Roboti Inayozunguka kwenye Pipa

Hebu fikirini benchi la mbao kwenye kona ya mtaa, mguu wake mmoja umewekewa tofali. Mbele yake kuna pipa la maji, na ndani ya pipa kuna roboti ya plastiki, ukubwa wa begi la shule. Aliyeiunda ni mwanafunzi wa chuo tunayemwita Injinia. Wenzake kikundini walitaka kununua visukumaji, vile vinavyoipeleka roboti majini, vilivyo tayari dukani. Yeye akasema atavitengeneza: mota ndogo ndani ya kipande cha bomba, imezibwa kwa nta na grisi, na kwenye ncha yake pangaboi alilolichora mwenyewe na kulichapa kwa plastiki. Kesho vinajaribiwa chuoni. Vikishindwa, vinang'olewa.

Injinia akabonyeza kitufe. Visukumaji viwili vya kuzamisha vikanguruma, roboti ikashuka huku ikizunguka kama pia.

— Inacheza muziki gani hiyo? akauliza Gundi, fundi viatu, huku akivuta uzi.

— Wewe shona tu, akasema Upepo, mtengeneza feni, mjomba wake Injinia. Hiyo imeelemea upande mmoja.

— Nimeipima, Mjomba. Imekaa sawa.

— Basi mota moja imechoka.

— Nimebadilisha zote. Bado.

— Tatizo ni pipa, akasema Gundi. Pipa ni duara. Kitu ukikitia kwenye duara, kitazunguka tu. Tafuta pipa la pembe nne.

— Mbona sukari haizunguki kwenye kikombe chako? akauliza Upepo.

— Inazunguka nikikoroga.

— Na pipa kakoroga nani?

— Dunia! Si inazunguka hii? Au Mwalimu alitudanganya?

Wakanigeukia, maana Mwalimu ni mimi. Nikasema inazunguka, ila mara moja kwa siku, haina haraka kiasi kile.

— Basi imegundua iko kifungoni, akasema Upepo. Hata kuku ukimfungia, kazi yake ni kuzunguka akitafuta mlango.

— Roboti na kuku wapi na wapi, Mjomba?

— Umeiuliza ikakataa?

Tukacheka. Injinia hakucheka. Alikuwa ameinama juu ya pipa, mikono ya shati imelowa hadi viwikoni. Nikamimina kahawa, nikamsogezea kikombe.

— Ulianza na kipi? nikamwuliza taratibu.

— Na kimoja, Mwalimu. Pangaboi la kwanza lilisukuma vizuri mno, hata nikaogopa kuligusa. La pili nikachapa lile lile.

Hapo akafika mama mmoja kufuata viatu vya mwanawe. Alivigeuza akakagua soli, kisha akachungulia pipani.

— Hayo mapangaboi mawili, akauliza, la kushoto ni lipi na la kulia ni lipi?

Injinia akainama pipani. Akaitoa roboti, akayachomoa mapangaboi, akayalaza kiganjani kando kwa kando. Yalipinda upande mmoja yote mawili.

— Umeshona viatu vya mguu mmoja, akasema Gundi, safari hii bila kejeli.

— Yote yanazunguka upande huu, akasema Injinia, ndiyo maana mwili unasukumwa upande ule! Yakizunguka kinyume, kila moja litazuia mzunguko wa mwenzake.

— Si ugeuze waya za moja, yaishe? akasema Upepo.

— Nikigeuza waya tu, hilo litavuta juu wakati mwenzake anashusha. Lazima nichape la pili lililopinda kinyume, kama sura kwenye kioo. Ndipo nigeuze waya.

Alikwisha kufunga begi. Karakana ya chuo ilikuwa karibu kufungwa, akaondoka mbio, kahawa hajaigusa.

Kesho yake mchana alirudi na roboti kwapani. Visukumaji vilikuwa vile vile, na pangaboi moja lilikuwa jipya.

— Imeshuka wima bila kuzunguka, akasema. Kimoja kimevuja kidogo, grisi haikutosha. Lakini wenzangu wamekubali vibaki.

— Mimi nilisema tangu mwanzo, akasema Gundi.

— Ulisema pipa la pembe nne, akamjibu Upepo.

Yule mama hakuwepo kusikia. Basi ninyi mliosikia, nawaomba mkumbuke kitu kimoja tu: mkimaliza kutengeneza cha pili, kilazeni kiganjani kando ya cha kwanza, mvitazame pamoja.