Mwalimu Kona na Fundi Aliyebaki Juu ya Ngazi

Jambo hili sijamwambia mtu, hata mama: sentensi yangu ya kwanza kwa sauti katika shule hii ilimhusu fundi aliyesahauliwa juu ya ngazi. Aliyemsahau anastaafu Ijumaa hii, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kutunza maktaba yetu. Sisi humwita Mwalimu Kona.

Alipoanza kazi, maktaba ilikuwa kabati moja lisilofunga. Leo ni vyumba viwili, na kipindi chake cha hadithi hujaza watu hadi madirishani. Ila hadithi yenyewe hainyooki ng'o! Siku ile, katika hadithi yake, fundi alipanda ngazi kuziba paa. Kabla hajagonga msumari, Mwalimu akakata kona kwa mbuzi wa jirani, na kutoka kwa mbuzi akaingia kwa shangazi yake mwenye wivu wa sufuria. Tulicheka mbavu zikauma. Kisha akajikuna kichwa: “Jamani, tulikuwa wapi vile?”

Mimi, niliyehamia kutoka shule ya lugha nyingine na kuogopa Kiswahili changu kisije kikachekwa, nikajikuta nasema, “Fundi bado yuko juu ya ngazi, Mwalimu.”

“Maskini, na jua lote hili! Asante, binti, umemwokoa.”

Darasa likaangua kicheko, nami nikacheka nalo.

Tangu hapo namchunguza. Mwalimu hupotea njia pale tu anapokuwepo mtu asiyewahi kufungua mdomo, na swali lake humwangukia huyo huyo. Kona zake ni mlango wa uani kwa sisi tunaoogopa kupita wa mbele. Paa la watu, kusema kweli, halijazibwa mpaka leo.

Mwalimu mkuu aliniagiza wasifu wa kumuaga, tena ulionyooka: “Kazi, shukrani, basi. Usitupigie kona na wewe!” Nimeshindwa. Ndiyo maana nauziba ukurasa huu kwa kiwiko kila mlango wa maktaba ukilia.

Mwalimu wetu, asante. Pumzika vyema, na njia yako isikose kona.

Viatu vinasikika koridoni. Vinasimama kumsalimu mfagiaji, vinarudi nyuma kumuulizia mwanawe, vinaanza upya. Mtu mwingine angeshafika.

Naondoa kiwiko. Akiingia nitamsomea mwenyewe, kwa sauti. Na akiuliza tulikuwa wapi, najua pa kuanzia.