Redio Inayolala Kifudifudi

Mwaka wa themanini na saba, ndani ya meli ya kutoka Kendu Bay kwenda Kisumu, nilisikiliza maneno ambayo nilijiambia hayanihusu. Mzee Ogola alikuwa amepakata redio kama mtoto mwenye homa. Rehma, muuza leso wa Kisumu aliyeketi naye, alikuwa anamshauri aitupe ziwani.

"Nunua ingine, Mzee. Hii imechoka."

"Haijachoka, Mama. Fundi wetu ndiye ameiharibu. Zamani ilikuwa inakwaruza kidogo tu. Sasa inaongea ikilala kifudifudi tu, na matangazo ya vifo yakianza inanyamaza. Shemeji yangu amezikwa Bondo Jumamosi, mimi niko nyumbani na ng'ombe. Wakwe wanasema nimewadharau."

"Si ndiyo ununue ingine?"

"Na hii je, si ndiyo shahidi wangu? Nataka yule fundi wa bandarini Kisumu aitengeneze kwanza, halafu niibebe niwaonyeshe."

"Ikishatengenezwa itaongea vizuri. Nani ataamini ilikuwa mbovu?"

Mzee aliigeuza redio kifudifudi mapajani. Akasema fundi wa Kisumu atamwandikia barua ya kuthibitisha kwamba ilikuwa mbovu. Rehma akacheka mpaka leso ikamtoka kichwani.

"Na huyo fundi wenu yukoje?"

"Sijamwona. Huwa namtuma mke wangu."

Niliinamisha kichwa, maana fundi huyo ni mimi. Meli ilipotia nanga niliwaacha wateremke, bado wakibishana, ndipo nikainua mfuko wangu. Ndani yake mlikuwa na redio yangu mwenyewe, niliyokuwa nampelekea fundi yuleyule wa Kisumu.