Bahasha Tisa za Marehemu Idella: Kumuaga Bi Vernetta Stallworth

Baada ya miaka thelathini na minne, miezi miwili na juma moja, Bi Vernetta Stallworth, karani wa arifa katika Ofisi ya Kodi ya Kaunti ya Halloway, anastaafu Ijumaa hii, tarehe 26 Septemba 2025. Chai itakuwa saa nane mchana, ukumbi wa chini. Keki imeshaagizwa. Mwenyewe ameomba hotuba zisiwepo, na kwa kuwa namjua nimeona bora niandike, maana karatasi haitishiki akiitolea lile jicho lake.

Aliajiriwa Julai 1991. Kazi yake ilikuwa kuwaandikia wenye nyumba waliochelewa kulipa kodi ya majengo, kuwakumbusha, kuwaonya, na mwisho kuwaarifu kwamba nyumba inaingia mnadani. Mimi, Dewitt Purvis, nilikuja miaka sita baadaye, na kazi yangu huanza pale yake inapoishia. Jumanne ya kwanza ya kila mwezi, saa tano kamili asubuhi, nasimama kwenye ngazi za mahakama na kusoma orodha. Mwenye dau la juu anaondoka na hati. Kwa hiyo kila nyumba ambayo Vernetta alishindwa kuiokoa, aliyeiuza ni mimi. Meza zetu zimetazamana muda wote huo na hatujawahi kugombana, isipokuwa mara moja kuhusu feni.

Miaka kumi na minane ya kwanza alikuwa karani kama makarani wengine, ila nadhifu kupita kiasi. Barua zake hazikukosewa anwani. Stakabadhi zake zilipangwa hivi kwamba mkaguzi mmoja kutoka makao makuu aliomba kupiga picha kabati. Alipewa cheti cha utumishi bora mara mbili, na vyote viwili aliviegemezea kopo la kahawa lisianguke.

Kisha ikaja Jumanne ya tarehe 3 Novemba 2009. Mnada ulikuwa umekwisha, nami nilikuwa nakula sandwichi yangu, alipoingia mzee mrefu, amevaa suti ya kanisani, kakumbatia Biblia kubwa ya familia. Alikuwa Cleophus Yarborough wa Mtaa wa Sawmill. Asubuhi ile nilikuwa nimeiuza nyumba alimozaliwa. Jirani ndiye aliyempa habari.

Aliiweka Biblia mezani kwa Vernetta, akaifungua, akaanza kutoa bahasha. Zilikuwa tisa. Zote zetu, zote za kupokelewa kwa sahihi, na hakuna hata moja iliyofunguliwa. Juu yake liliandikwa jina la mama yake, Idella Yarborough, aliyefariki miaka sita nyuma.

"Nimezileta zote, binti yangu," alisema. "Sijapoteza hata moja."

Wanaotoka mitaa ile hawahitaji kuelezwa. Kule barua ya marehemu haifunguliwi. Inapokelewa kwa heshima, inatiwa kwenye Biblia, inakaa. Na nyumba ya mama hubaki nyumba ya mama. Hakuna anayekimbilia mahakamani kubadili jina kwenye hati wakati maua ya kaburini hayajakauka, na baadaye hakuna anayekumbuka. Mama Idella alikuwa amesamehewa kodi kwa ajili ya uzee. Mwanawe alijua tu kwamba nyumba ile haidaiwi. Hakujua kwamba msamaha ulizikwa na mama. Kila alipokuja mtu wa posta, Cleophus alitia sahihi yake mwenyewe, vizuri kabisa, na kwa sahihi hizo tisa sheria ikatosheka kwamba ameambiwa.

Vernetta alizitazama zile bahasha. Mwandiko ulikuwa wake.

"Mzee wangu," alimwambia, "ungekuja hata saa nne na dakika hamsini na tano."

"Kwani mlikuwa mnanisubiri?"

Mzee alipoondoka aliiacha Biblia palepale na bahasha zake. Vernetta alimfuata mpaka mlangoni nayo. "Kaa nayo wewe," mzee alisema. "Chumba watakachonipa kanisani hakina rafu."

Nyumba ilikuwa imeuzwa kwa bei inayopita deni, na ile ziada ilikuwa haki ya Cleophus, mradi atie sahihi kuidai kabla muda haujapita. Vernetta alimpelekea fomu mara tatu kule chumba cha nyuma cha kanisa. Mara ya tatu alinichukua na mimi. Mzee alitupa viti viwili alivyokuwa navyo, yeye akasimama.

"Nikisaini hapo nitakuwa nimekubali kwamba niliuza nyumba ya mama," alisema. "Mimi sikuuza. Huyu bwana uliyekuja naye ndiye aliyeuza."

Ulikuwa ukweli. Muda ukapita, ziada ikaingia hazina ya kaunti. Cleophus alifariki majira ya baridi ya 2012, Detroit, kwa mpwa wake. Ukumbi wa chini tutakaonywea chai ulipakwa rangi mpya mwaka uleule ziada ile ilipoingia. Sisemi kwamba ni pesa zilezile.

Tangu hapo Vernetta hakuwa karani wa kawaida tena. Kwenye kila bahasha ya mnada alianza kuandika kwa kalamu, chini ya jina: *Kwa yeyote anayelala nyumba hii, fungua.* Mwanasheria wa kaunti alimwita mara mbili kumwambia maneno hayo hayamo kwenye fomu. Alisikiliza kwa adabu, akarudi mezani, akaendelea. Na juma la mwisho kabla ya kila mnada alichukua likizo yake mwenyewe, akawasha gari lake bovu, akaenda kugonga milango.

Mbwa walimjua. Wapo waliodhani anauza bima. Lonzo Tidmore wa Barabara ya Kinu alimwona kwa mbali akaingia banda la kuku.

"Hayupo," sauti ilisema kutoka ndani.

"Sawa," Vernetta akasema, akakaa juu ya ndoo. "Basi akirudi mwambie ana mpaka Jumanne saa tano. Akilipa hata dakika moja kabla, nyumba inatoka kwenye orodha. Mwambie asichukue mkopo kwa wale wa matangazo ya barabarani."

Kuku wakalia kidogo.

"Na kama hana?" sauti ikauliza.

"Kama hana, kuna wakili wa bure maktaba, kila Alhamisi. Aende na cheti cha kifo cha baba yake, hati ibadilishwe jina, aombe msamaha wa kodi wa mwenye kukaa nyumbani kwake. Akiwahi, yule wakili anaweza kumwombea kulipa kidogo kidogo. Na kama haitoshi, aiuze mwenyewe kwa mtu anayemtaka, kuliko Dewitt amuuzie kwa asiyemtaka. Ikishindikana kabisa na ikauzwa, aje achukue ziada yake. Asimpe mtu nusu kwa kumsaidia kuipata. Fomu ni ukurasa mmoja, nitamjazia mimi."

"Nitamwambia," sauti ikasema.

Alhamisi ile Lonzo alikuwa wa kwanza kwenye foleni maktaba, ana manyoya kwenye kofia. Jumatatu jioni nyumba yake ikatoka kwenye orodha. Bado anakaa pale. Kila Desemba humletea Vernetta sukumawiki, na kwa kuwa maadili yanatutaka tuandikishe zawadi, kitabu chetu kina mistari kumi na miwili kwa mwandiko wake: *Sukumawiki, fungu moja. Zimeliwa.*

Nisiwadanganye lakini. Wengi hawakufungua mlango. Wengine walifungua, wakamsikiliza, wakamshukuru, na Jumanne nikasoma majina yao. Nilimwona akirudi mezani siku hizo. Hakulia. Alichonga penseli zote kwenye kopo, hata zile zilizochongoka.

Kuanzia mwezi ujao arifa zetu zitachapishwa na mashine, katika mji ambao hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufika. Bahasha hazitapita tena mikononi mwa mtu wa ofisi hii. Nafasi ya Vernetta haitajazwa. Kamati ya kumuaga ilipomuuliza anataka zawadi gani, alisema hataki saa wala sufuria. Anaomba ule mstari wake uchapwe kwenye bahasha. Kaunti imejibu kwamba hauna nafasi. Kwa hiyo Ijumaa mtakuta mezani sufuria.

Namlaumu nani? Nimepiga makelele kwenye ngazi zile miaka ishirini na minane na sikuwahi kugonga mlango hata mmoja. Nilijiambia hiyo si kazi yangu. Nimeona aibu kuandika sentensi hii, lakini bila hiyo wasifu wake ungekuwa pungufu.

Jana amebeba vitu vyake, maboksi mawili. Biblia ya Yarborough hakuibeba. Nimeikuta asubuhi hii juu ya meza yangu, na kikaratasi: *Dewitt, zamu yako kukaa nayo.* Bahasha tisa bado zimo, na bado zimefungwa.

Mnada ujao ni tarehe 7 Oktoba. Orodha ina nyumba kumi na moja, na sita kati yake zina majina ya watu waliokwisha kuzikwa. Nimeomba likizo kuanzia Jumatatu. Gari nimelijaza mafuta. Sijui nitasema nini mlango ukifunguliwa, na naogopa mbwa.

Asante, Vernetta, kwa kila mlango. Tunakutakia asubuhi ndefu barazani kwako, na kila barua itakayokuja ije kwa jina lako, ungali hai wa kuifungua.