Ufa Kwenye Muhuri wa Manowari

FRIDA: Haloo? Haloo, nani mwenzangu? Namba hii siijui.

ARONI: Kamwene, dada Frida. Ni mimi Aroni, mdogo wako. Simu yangu imezima, natumia ya fundi Marcelino.

FRIDA: Kamwene, baba. Kalenga hamjambo? Mbona unanong'ona?

ARONI: Niko nyuma ya kanisa. Mzee Sosthenes yuko mbele na— [mtandao unakwaruza] —kamati. Dada, nisikilize. Jumapili usije.

FRIDA: Nisije wapi?

ARONI: Huku, kwenye uzinduzi wa jiwe la waliokwenda vitani. Jina la babu wamelitoa.

FRIDA: Rudia.

ARONI: Wamelitoa. Kamati ilikaa jana. Wanasema babu Danieli hakupanda manowari yoyote. Alitoroka, akajificha Ubaruku, akalima mpunga mpaka vita ikaisha. Karatasi ya jeshi hana hata moja.

FRIDA: Maneno yale yale waliyomsimanga nayo bibi mpaka akaingia kaburini! Akienda kisimani, mke wa mtoro. Akienda sokoni, mke wa—

ARONI: Najua, dada, lakini—

FRIDA: Hujui. Wewe ulikuwa unabebwa mgongoni. Mimi ndiye nilikuwa natembea naye na ndoo kichwani, nasikia.

ARONI: Sasa utafanyaje? Usije kuleta vurugu kanisani. Kaa zako Mbeya kwa amani, na hizo bahasha zako—

FRIDA: Malizia. Takataka zangu.

ARONI: Sijasema hivyo!

FRIDA: Wanangu wanasema, wewe utashindwa? Miaka yote nimekaa dirishani posta, nimestaafu, naagiza bahasha kuukuu za meli moja iliyokwisha katwakatwa ikawa vyuma chakavu. Wananicheka mtaa mzima. Haya, ile bahasha ya bibi unaikumbuka?

ARONI: Ile tupu, ya kwenye Biblia. Barua yenyewe si ililiwa na mchwa?

FRIDA: Hiyo hiyo. Tarehe tisa Machi, mwaka arobaini na nne, mwandiko wa babu. Shida ni kwamba muhuri wake hauna jina la meli. Wakati wa vita walilificha, adui asijue meli iko wapi. Ni duara na taji, basi. Ila ule muhuri ulikuwa na ufa. Umelipasua taji upande wa kushoto, unashuka mpaka— [mtandao unakwaruza]

ARONI: Haloo? Dada?

FRIDA: Nipo. Nasema ufa! Muhuri wa mpira ukipasuka, kila barua unayoigonga inatoka na ufa ule ule. Nikajiambia, nikipata bahasha nyingine yenye ufa huo, na juu yake pameandikwa ni ya meli gani, nimewaweza. Miaka mitatu natafuta, Aroni. Juzi nimeipata, imetoka Uingereza kwa mjane wa baharia. Mumewe alipozeeka alikaa akaandika nyuma ya kila bahasha yake jina la meli. *Wexcombe*. Tarehe kumi na mbili Machi.

ARONI: Weks— si ndiyo ile babu alikuwa—

FRIDA: Ndiyo hiyo aliyoitaja mpaka anakata roho. Nimezilaza mbili chini ya lenzi. Ufa ule ule, mahali pale pale, siku tatu tu katikati. Sasa niambie, mtu aliyejificha kwenye majaruba ya Ubaruku anagongewaje barua yake ndani ya manowari?

ARONI: [anahema]

FRIDA: Aroni.

ARONI: Nipo, dada.

FRIDA: Hiyo kamati ilipiga kura?

ARONI: Walinyoosha mikono.

FRIDA: Wangapi?

ARONI: ...Wote.

FRIDA: Na wewe si mjumbe?

ARONI: Haloo? Haloo, mtandao huku—

FRIDA: Usinisingizie mtandao, nasikia unavyohema.

ARONI: Dada, Sosthenes ni baba mkwe wangu. Hata shamba ninalolima ni... Ninge—

FRIDA: Sijakuuliza hayo. Jumapili nakuja. Wakinifungia mlango, nitasimama nje na lenzi yangu. Kila anayetoka ibadani ataangalia, hata mchungaji. Wakitaka waite polisi, polisi nao wataangalia.

ARONI: Jumapili utakuwa umechelewa. Fundi anachonga leo. Amebakiza majina mawili tu. Huyu hapa, anaitaka simu yake.

FRIDA: Mpe.

ARONI: Nimpe?

FRIDA: Mpe, niongee naye. Nitamtajia jina la babu herufi moja moja.

ARONI: Sosthenes amesimama naye hapo hapo!

FRIDA: Afadhali. Weka sauti kubwa.

ARONI: Hapana, dada.

FRIDA: Basi wewe—

ARONI: Hapana, nitamtajia mimi. Zipige picha hizo bahasha, zitume kwenye namba hii hii. Zote mbili, kwa karibu, ufa uonekane.

FRIDA: Aroni, mdogo wangu...

ARONI: Namalizia watu salio. Tuma sasa hivi! Mzee! Mzee Sosthenes, usiondoke, nina neno na wewe! Marcelino, shika tindo. Andika: Danieli Mgo—

[simu inakatika]